Farasi Aliyemwogopa Mkamwana

Taarifa ya msiba niliipata kwenye simu, katika kundi la familia, chini ya picha ya keki ya kipaimara na juu ya tangazo la shemeji mmoja anayeuza parachichi. "Mzee ametutoka alfajiri hii." Watu wakaanza kuweka vile vikono vilivyofumbatana, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa jikoni kwangu, Makandana, namenya magimbi ya watu wawili, mimi na mume wangu. Niliendelea kumenya mpaka nikajikuta nimejaza sufuria la harusi. Baba mkwe alikuwa mzee wa kushiba siku, kama wachungaji wanavyopenda kusema, na hakuna aliyeshangaa kwamba amekwenda. Mimi nilishangaa, tena nilikasirika, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba iko siku nitazungumza naye, na siku hiyo nilikuwa naisogeza mbele kama mtu anayeahirisha kung'oa jino.

Jina lake silitaji, hata hapa ambapo hakuna wa kunisikia. Mkamwana wa Kinyakyusa, wa enzi zetu na hasa wa kule juu milimani, hakutamka jina la baba mkwe wake, hakumtazama, hakumsemesha, hakukaa naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mkamwana ndiye aliyetoka njiani. Alijifunika kichwa kwa kanga, akachuchumaa na kumpa kisogo mpaka mzee apite. Naye mzee hakumsemesha wala hakumtupia jicho. Wenyewe tunaita ukutiila, kumcha mtu, na wageni wakiona hudhani ni chuki, kumbe ni heshima iliyokaza sana mkanda. Wakamwana wa siku hizi wameufungua mkanda huo. Nimewaona wakimkumbatia mzee pande zote mbili, simu imenyooshwa mbele, "Babu, cheka kidogo basi!" naye akicheka bila meno. Siwalaumu. Niliwaonea wivu tu, nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba na kanga yangu kichwani, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Mwaka nilioolewa nilipelekwa juu ya Kiwira, upande wa mlima, ambako jua likitoka watu wanaulizana kuna nini. Mume wangu, Ambwene, alikuwa kibarua kwenye makaa ya mawe, akija nyumbani mwisho wa juma na kuondoka kabla sijamzoea upya. Kwa hiyo niliolewa, kwa kweli, na mama yake, na wifi yangu Tupo, na migomba, na mvua. Na farasi. Baba mkwe alikuwa ametumia ujana wake wote kutunza farasi katika shamba moja kubwa la chai, na mwenye shamba alipochoka na kuondoka, wenzake walipewa mabati na mablanketi, yeye akapewa farasi wa mwisho aliyebaki, jike mmoja mwoga ambaye hakuna aliyemtaka. Hicho ndicho kilikuwa kiinua mgongo chake. Alikuwa wa rangi ya chai isiyo na maziwa, shingo nyembamba, masikio hayatulii, na aliitwa Malkia tangu huko alikotoka. Kijijini walimcheka mzee mpaka wakachoka. Ng'ombe unamkamua, walisema, punda anabeba. Huyu anakula tu na kuogopa. Lakini mzee alimpanda kila siku, amekaa wima, kofia yake ya sufu imeshushwa masikioni, kwenda kuangalia chai yake ng'ambo ya bonde, kwenda kanisani, kwenda sokoni Kiwira. Magoti yake yalikuwa yameshaikataa milima ile. Juu ya Malkia alikuwa mtu mwenye miguu. Bila Malkia angekuwa mzee wa kukaa barazani na kuuliza wapitao habari za huko walikotoka, na hilo alilijua kuliko sisi sote.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha mianzi kilichokandikwa udongo nusu, kimebanana na baraza la nyumba kubwa. Mzee alikaa barazani upande ule, mimi jikoni upande huu, na katikati yetu ukuta ambao moshi ulipita bila shida, na maneno vilevile. Mimi nilipika, Tupo alipeleka. Ndizi na maharage, ndizi na maziwa ya mgando, na siku ya neema ndizi na nyama. Mwaka mzima nilimjua mtu yule kwa kikohozi chake, kwa buti zake zilizoanikwa juu chini kwenye miti ya uzio, na kwa sahani. Sahani yake ilirudi jikoni siku zote na kipande kimoja cha ndizi kimeachwa pembeni, na siku ya nyama, kipande cha nyama. Mwanzoni nilidhani hapendi mapishi yangu. Tupo akanicheka. "Wifi nawe! Hicho ni chako. Anamwachia mpishi." Nikakila nimesimama nyuma ya mlango, nikaona haya kana kwamba amenitazama.

Siku ya kwanza Malkia kushtuka mbele yangu nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imekuwa laini, kwato hazikusikika. Nikapinda kona, farasi huyu hapa, na ubavuni mwake buti ninazozijua. Nikafanya nilichofundishwa: nikatua ndoo, nikajirusha kwenye migomba, nikavuta kanga kichwani na kuchuchumaa. Sasa jiweke wewe mahali pa mnyama mwoga. Kulikuwa na mtu njiani, mara mtu hayupo, mara kwenye majani kuna kitu cha mviringo chenye maua mekundu, na kinahema. Nilisikia mkoromo wa puani, kwato zikikwangua, shina la mgomba likivunjika. Sikuona kitu, nilikuwa natazama udongo na jongoo mmoja. Kisha ikaja sauti ya mzee, ya chini, ya polepole, ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. "Ooo, mama. Ooo. Nani kakwambia kuna chui? Pumua. Hata mimi napumua, unasikia? Zunguka. Zunguka na mimi. Haya." Kwato zikazunguka, zikazunguka tena, zikapungua kasi, zikapita. Nilipotoka nikakuta mduara umechorwa kwenye tope, na ndoo yangu imesimama palepale, haikumwagika.

Nilidhani yameisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Malkia sasa aliona ung'ongo kila mahali. Kanga iliyoanikwa uani, mwanamke anayepalilia maharage, hata mama mkwe wangu mwenyewe akiinama kuokota kuni. Kila tulipokutana nilijificha, na kila nilipojificha nilimthibitishia kwamba kweli, katika migomba ya nyumba hii kuna kitu kinachovizia. Nikawa najificha haraka zaidi ili nimalize mapema, na yeye akawa anaruka juu zaidi. Mzee hakuanguka, lakini alirudi nyumbani na kwaruzo usoni, siku nyingine na kiwiko kimevimba. Nilikuwa namkandia kiwiko hicho maji ya moto kwa mikono ya Tupo: mimi nachemsha, yeye anapeleka. Usiku ule nililia kidogo, si kwa huzuni hasa, kwa ile hasira ya mtu ambaye hata akikaa kimya anadhuru.

Katika moja ya purukushani hizo mkanda wa tandiko ulikatika, na mzee akamwita Fundi Shomari kutoka Tukuyu mjini. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na yeye alishona ngozi: viatu, mikoba na, kwa kuwa hakukuwa na mwingine, matandiko. Alikaa barazani na sindano yake. Nikapika chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, Tupo akapeleka, nami nikarudi kwenye jiwe langu karibu na ukuta.

"Hebu nifahamishe, mzee wangu," Fundi akasema. "Mnyama akiruka hivyo nawe uko juu, wafanyaje? Mimi ningejitupa chini mapema, mengine nikamwachia Mungu."

"Ukiluka umekwisha," mzee akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kule, kisicho na r. "Kwanza unakaa mzito, gunia la mahindi. Visigino chini. Usimbane na miguu, maana ukimbana anajua hata wewe umeogopa. Na hatamu, usivute zote mbili. Watu wote wanavuta zote mbili. Falasi anasema, kumbe ni kweli, hata huyu mwenye akili amekiona. Vuta moja tu, polepole, shingo igeuke, azunguke. Akizunguka hawezi kukimbila mbali. Na unaongea naye. Maneno yoyote. Anachosikiliza ni pumzi."

"Na fimbo?"

"Ukimpiga, atajua kile kitu kina fimbo. Kesho ataogopa mala mbili."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo dawa yenyewe. Akitulia, mwoneshe. Mpeleke talatibu mpaka kwenye kile kitu akinuse. Aone, kumbe ni gunia, kumbe ni mtoto. Kisha endelea na safali yako. Usiludi nyumbani palepale; ukiludi, amejifunza kwamba woga unampa likizo."

Nilisikia sindano ikipita kwenye ngozi, na uzi ukivutwa. "Basi huyu umeshamwonesha?"

Mzee akainua kikombe. Akanywa chai, akaiweka.

"Anaogopa nini hasa, mzee wangu?"

"Anaogopa mkamwana."

Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. Alizaliwa Tukuyu, mila zetu alizijua. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko hewani, ndizi za mchana zinaungua. "Ala," akasema taratibu, "kwa hiyo dawa ipo."

"Ipo. Lakini siwezi kumpeleka falasi akamnuse mke wa mwanangu. Wewe nishonee mkanda mwingine, mwembamba, wa shingoni. Nataka kumfunga kengele."

"Mnyama mwoga hivi, umfunge kengele?"

"Kengele si ya falasi," mzee akasema, na nikahisi, ingawa siwezi kuapa, kwamba aliyasema hayo akiwa ameuelekea ukuta.

Ilikuwa kengele ya ng'ombe, ya chuma, nzee, yenye sauti ya sufuria. Siku kadhaa aliitikisa zizini mpaka Malkia akaizoea. Baada ya hapo nilianza kuishi. Nilimsikia mzee tangu ng'ambo ya bonde, akishuka, akipanda, na nilikuwa na muda wa kutosha kuondoka njiani, kwenda mbali, kukaa nyuma ya migomba nikiwa nimestarehe kabisa na mguu mmoja juu ya mwingine. Malkia alipita bila kuona kanga. Nikaweza hata kujua hali ya mzee kwa kengele: akiwa na furaha ilikwenda kwa mdundo, akichoka ilidondoka moja moja. Mama mkwe aliiita kelele. Jirani walisema mzee sasa amegeuza farasi kuwa mbuzi. Mimi nilijua imefungwa kwa ajili ya nani, na katika nyumba ile ambayo sikuwa na mtu wa kuniuliza umeamkaje kwa moyo, jambo hilo lilinitosha. Nilikuwa na mimba. Najaribu kukumbuka kama nimewahi kutunzwa vile tena, na mume wangu anisamehe, sikumbuki.

Kisha zikaja mvua za masika, zile za Rungwe zinazoanza watu wakiwa na mahindi shambani na kuisha wamesahau kivuli chao kilivyo. Mvua juu ya majani ya migomba ina kelele ambayo kengele haiwezi kuishinda. Mara mbili nilishtukizwa, mara mbili nikajitupa migombani na tumbo langu, na mara ya pili mzee alining'inia shingoni mwa Malkia mpaka karibu na zizi. Nikajikaza nikamwendea mama mkwe. Alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti.

"Mama, naomba nisimame tu pembeni. Nimejifunika, nimegeuka, lakini nimesimama. Farasi aone ni mtu."

"Usimame? Mkwe apite umesimama?" Hakupandisha sauti. "Mkamwana, mimi sikukatazi kwa ubaya. Mimi nilizaa, nikazika wawili kabla ya Ambwene, na kila mtu alitafuta nilipokosea. Sitaki wakutafute wewe. Ukimvunjia mkwe wako heshima, atakayelipa ni huyo wa tumboni."

Nikamwambia Ambwene alipokuja. Alinisikiliza vizuri, akala, akasema, "Nitaongea na mama," akalala. Asubuhi akarudi kwenye makaa ya mawe. Nyumba nzima ilijua dawa ya farasi yule na hapakuwa na mwenye ruhusa ya kuitoa. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa jiwe. Siku ya pili akaja jikoni na mwavuli wake mwenyewe, mweusi, mpana, wa kwendea misibani, ambao hata Tupo hakuruhusiwa kuugusa. "Tumbo hilo lisiluke tena kwenye migomba," akasema. "Ukimwona, geukia ukingoni, ujikinge na mwavuli. Hiyo ni sawa na kujificha." Nilimshukuru mpaka machozi. Wote tulidhani tumepata jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa juu ya farasi akaona mwavuli mweusi ukimfungukia usoni, na yule mmoja aliyejua hakuambiwa, maana nani angemwambia habari za mkamwana?

Nilikuwa natoka kliniki, Igogwe. Mvua ilipiga mwavuli kiasi kwamba sikusikia hata hatua zangu. Karibu na nyumbani njia ilipita kwenye mkato: upande mmoja ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu, upande mwingine mtaro wa maji. Nikainua macho, Malkia alikuwa pale, karibu sana, anatoa mvuke. Nikageukia ukuta wa udongo, nikauzungusha mwavuli nyuma yangu kwa nguvu, upana wake wote, kama nilivyoelekezwa. Sikuona. Nilisikia farasi akilia, sauti ambayo sikuwa najua farasi anayo, kisha mshindo wa mwili kwenye maji, na kengele ikapiga ovyo mara moja, ikabaki inatetemeka tu. Nikasubiri kusikia kwato zikikimbia. Hazikukimbia. Nikasikia sauti ya mzee ikitoka chini, kwenye mtaro.

"Malkia," akasema. Pumzi ilikuwa inamkatika, lakini sauti ilikuwa ileile ya chini. "Simama hapohapo. Usikimbile. Mguu wangu umenasa kwenye chuma cha tandiko. Ukikimbila, na yeye atakimbila, atanibuluza mpaka nife."

Nilichukua muda kuelewa. Farasi ndiye angekimbia. Huyo "yeye" mwingine alikuwa nani?

"Usipige kelele. Pumua kwanza. Sasa funga hicho kitu cheusi. Polepole, Malkia. Kifunge, ukiweke chini."

Farasi hana mwavuli. Nikaufunga, nikauegemeza kwenye udongo.

"Vizuli, mama. Sasa geuka. Kidogo kidogo. Simama, uonekane ni mtu."

Nikageuka. Malkia alikuwa ametoa macho, ngozi ya mabega inacheza, hatamu zinaning'inia. Chini yake mzee alikuwa amelala chali kwenye maji ya mtaro, mguu mmoja umening'inia juu, buti limepenya na kukwama. Kofia haikuwepo. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, sikuwahi kujua. Na uso wake, ambao kwa mwaka mzima nilikuwa nimeukimbia, ulikuwa umeelekea juu, mvua inaupiga, macho ameyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayehesabu wenzake wakajifiche. Aliyafumba ili mimi niweze kufumbua yangu. Nilimwendea Malkia mkono mbele. Akanusa kiganja, akanusa kanga, akashuka akanusa tumbo, muda mrefu, puani moto. Kisha akashusha kichwa, na pumzi yote ya mwaka ule ikamtoka. Kumbe ni mtu tu. Nikashika hatamu moja.

"Malkia," nikasema, "nimekushika." Hilo ndilo neno la kwanza baba mkwe kulisikia kutoka kinywani mwangu. "Malkia, mguu nautoa?" Ulikuwa karibu, mkono wangu ungeufikia.

"Hapana, Malkia. Mguu wa mkwe haushikwi. Tusubili watu."

"Malkia, anaumia!"

"Anaumia. Tusubili."

Basi tukasubiri. Nimesubiri mambo mengi maishani, majibu ya hospitali, watoto kurudi, mume kuacha pombe, lakini sijawahi kusubiri vile: mkono mmoja kwenye hatamu, mwingine hauna kazi, na mtu anayenifungia kengele amelala kwenye maji ya baridi hatua chache kutoka miguuni kwangu. Ningeweza kumtoa. Nilikuwa na nguvu za kumtoa. Ndani ya tumbo mtoto akaanza kucheza.

"Malkia," nikasema, "mtoto anarusha mateke."

"Wa kiume huyo, Malkia. Anapenda fujo." Kikohozi. "Mwambie mpishi, ndizi zake ni laini. Za mama yao zilikuwa ngumu, sikusema."

"Malkia, nyama huwa naziona."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Malkia. Ndaga." Ndivyo tunavyoshukuru kwetu.

Wachuma chai walisikika wakija wakiimba. Mzee akasema haraka, "Malkia, geuka," nami nikageuka, nikavuta kanga usoni, nikaishika hatamu kwa nyuma. Kwa hiyo walipofika walikuta kila kitu kiko sawasawa, mkamwana amempa mkwe wake kisogo, na walinisifu.

Nyonga ilivunjika. Hakupanda tena, na tangu siku ile alitembea kwa fimbo, kutoka kitandani hadi barazani. Wazee wa ukoo walikaa, wakataka kujua kama nilimtazama. Alijibu akiwa kitandani, nilisikia kupitia ukuta: "Alimshika falasi. Mimi nilikuwa nimefumba macho, sikuona kitu." Mtoto wangu akazaliwa salama, wa kiume, na watu wakachukua hilo kuwa ushahidi. Kuhusu Malkia ndugu hawakuulizana sana. Mnyama muuaji, walisema, wakamuuza kwa mtu aliyekuja na lori kutoka upande wa Mbeya. Ungewaambia nini? Kwamba siku ileile alipomwangusha mzee ndiyo siku aliyopona? Ungejua vipi, kama hukuwapo ukatazama? Siku walipompakia, mzee alikuwa ndani hawezi kuinuka, mimi jikoni na kichanga kifuani. Tulisikia kengele ikishuka mlima, sote wawili, kila mtu upande wake wa ukuta, mpaka haikusikika. Mchana nilipika ndizi na nyama. Sahani ilirudi haijaguswa.

Tulihamia Makandana mtoto akiwa anatambaa. Nilikwenda kule juu kila Krismasi na kila msiba, nikasimama nyuma ya nyumba, naye akikohoa barazani. Mama mkwe alifariki, mila zikalegea, wakamwana wapya wakaanza kumpa mkono. "Mama mkubwa, yamekwisha hayo," waliniambia, "hata mchungaji amesema." Nilijua yamekwisha. Nilifika mara moja mpaka kwenye pembe ya baraza, nikaona ncha ya fimbo yake na kidole kimoja cha mguu ndani ya kandambili, nikarudi jikoni. Nikajiambia, mwakani.

Siku ya mazishi ilinyesha, bila shaka. Jeneza liliwekwa kwenye sebule ambayo katika maisha yangu yote sikuwahi kuingia. Waliita watoto, wakaita wajukuu, wakaita wakamwana. Tupo, sasa bibi kizee mwenye mvi, akanishika kiwiko. "Nenda, wifi. Mtazame. Sasa hakuna wa kukukataza." Nikasogea, nikashusha kanga mabegani. Nywele zilikuwa zilezile nyeupe. Macho yalikuwa yamefumbwa, safari hii bila nguvu. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri zamu. Nikafungua kinywa. Maneno yalikuwepo, nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye magimbi: ndaga, na ile kengele, na kwamba mtoto wa siku ya mvua ndiye aliyebeba msalaba huo ulioegemezwa ukutani. Hayakutoka. Sikuwahi kujifunza kumwambia yeye mwenyewe. Nikageuza macho mlangoni, uani, kwenye migomba iliyokuwa inadondosha maji, nikitafuta farasi.